Asuran: steringi aliyepiga magoti

Haya watu wangu, tuendelee pale tulipoishia. Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu picha za Kihindi tulizokulia nazo sebuleni, zile ambazo mama alikuwa anatutafsiria ingawa na yeye Kihindi hajui. Leo nataka niwahamishe kidogo. Twende kusini, Tamil Nadu, ambako watu wanaongea Kitamil na wana sinema yao wenyewe, kubwa, yenye nyota zake na hasira zake.

Picha yenyewe inaitwa Asuran. Ilitoka tarehe 4 Oktoba 2019, mwongozaji ni Vetrimaaran, na imetokana na riwaya ya mwandishi Poomani iitwayo Vekkai, ya mwaka 1982. Vekkai maana yake joto kali. Asuran ni jitu la kutisha, adui wa miungu katika masimulizi ya kale ya Kihindu. Steringi ni Dhanush. Alikuwa na miaka 36 tu, na humo anacheza baba mtu mzima mwenye mvi, mtoto wake mkubwa ameshakuwa kijana. Tuzo za taifa za filamu za India zikampa ya mwigizaji bora, akagawana na Manoj Bajpayee.

Natahadharisha mapema: nitaisimulia mpaka mwisho. Na ina damu, yaani damu kwelikweli. Usiiangalie na wadogo zako.

Sasa, sisi wote tunazijua kanuni. Steringi hafi, adui hapati raha, na dakika za mwisho lazima mtu alipe. Asuran inazijua vizuri. Mapanga yapo, mabomu ya kienyeji yapo, na kuna pigano moja msituni ambalo nililirudisha nyuma mara tatu. Lakini kila kisasi kinachotokea humo kina bei, na wanaolipa si wale waliokianzisha.

Hadithi ni ya miaka ya 1960. Sivasaami ni mkulima, ana mke, Pachaiyamma, watoto wawili wa kiume na binti mdogo. Wana ekari tatu. Wao ni watu wa tabaka la chini la kuzaliwa, wale ambao leo wengi wao wanajiita Dalit, na zamani wenzao walikuwa hata hawataki kuwagusa. Tajiri wa karibu, Narasimhan, anazitaka zile ekari tatu ajenge kiwanda cha saruji. Wao hawauzi. Ugomvi unaanzia kwenye uzio wa umeme uliomuua mbwa wao, unapanda, mpaka Murugan, mtoto mkubwa, anashikwa na polisi na kupigwa vibaya.

Hapo ndo pananiumiza. Ili kijana aachiwe, Sivasaami anaambiwa akawaangukie miguuni wanaume wa kile kijiji cha watu wa juu, mmoja baada ya mwingine. Na anaenda. Nyumba kwa nyumba, anajilaza chini, anainuka, anaenda nyingine. Hakuna muziki wa ushujaa. Ni baba tu anayenunua uhai wa mwanawe kwa kitu pekee alichobakiwa nacho, heshima yake.

Murugan anatoka, anasikia baba yake alifanywa nini, anashindwa kuvumilia. Anamfuata Narasimhan na kumchapa kwa kiatu. Jibu la tajiri ni kumuua. Mwili unapatikana bila kichwa. Na Chidambaram, mdogo wake, mvulana ambaye bado hajaota ndevu vizuri, anakwenda kumuua Narasimhan. Picha inaanza usiku baada ya hapo: baba na mtoto wanavuka maji, wanakimbia.

Chidambaram anamdharau baba yake. Anamwona mlevi na mwoga. Kwani baba gani anauliwa mtoto halafu anakaa kimya? Kisha wanavamiwa, na yule mzee anaacha kuwa mzee. Anapigana kama jitu. Ndipo mtoto anauliza, na baba anaanza kusimulia ujana wake.

Kumbe Sivasaami alikuwa kijana mwenye jina, mpika pombe wa tajiri mmoja, anaaminiwa. Alikuwa na mchumba, Mariyammal, akamnunulia makubazi. Binti akayavaa akapita nayo mbele ya watu wa tabaka la juu. Basi. Kosa lake ni hilo tu. Akapigwa, akalazimishwa kuyabeba makubazi yake kichwani. Kwetu sisi kiatu ni kiatu. Kwao kilikuwa mpaka: katika vijiji vingi Dalit hakuruhusiwa kupita na viatu kwenye mitaa ya watu wa juu. Hakuna mahali palipoandikwa, lakini kila mtu alijua.

Wakati huohuo kaka yake Sivasaami alikuwa anadai ardhi, pamoja na wakili. Na hii ni historia ya kweli. Mwaka 1892 serikali ya Waingereza huko Madras ilitenga ardhi kwa ajili ya watu wa matabaka ya chini. Zinaitwa ardhi za Panchami. Masharti yalisema haziwezi kuuzwa kwa mtu wa tabaka lingine. Hata hivyo, miaka ikapita, nyingi zikaishia mikononi mwa wengine, kwa deni, kwa hila na kwa nguvu. Kwenye picha, wanaodai waziwazi wanajibiwa kwa moto. Vibanda vinachomwa usiku, watu wakiwa ndani. Mariyammal anakufa. Sivasaami anachukua silaha na kulipa kisasi.

Nilipofika hapo nilisimamisha picha. Mwenzangu niliyekuwa naye, Mtamil aliyezaliwa hapa London kama mimi, akaniambia neno moja: Kilvenmani.

Usiku wa tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, eneo la Thanjavur, watu 44 waliteketezwa kwa moto. Walikuwa familia za vibarua Dalit wa mashamba ya mpunga, wengi wanawake na watoto, waliokuwa wamekimbilia ndani ya kibanda kimoja. Vibarua walikuwa wamejiunga na chama chenye uongozi wa wakomunisti, wakidai nyongeza ya ujira, ujira wenyewe ukiwa vipimo vya mpunga. Wenye mashamba walishtakiwa. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Madras ikawaachia. Majaji waliona ni vigumu kuamini kwamba watu matajiri namna ile, mmoja wao akiwa hata na gari, wangekwenda wenyewe kwa miguu kuchoma vibanda. Rudia kuisoma hiyo taratibu. Utajiri wao ukawa ushahidi wao. Na mwaka 1980, yule aliyekuwa mshtakiwa mkuu akauawa.

Asuran haikitaji kile kijiji hata mara moja. Lakini ukishaijua hukumu ya 1973, unaelewa kwa nini picha ya kisasi inajaza ukumbi kule. Mahali ambapo mahakama imefunga mlango, panga linaanza kuonekana kama sheria. Vetrimaaran anaelewa hamu hiyo, anailisha, na bado anaihesabia maiti. Kisasi cha ujanani hakikumrudisha Mariyammal. Cha Chidambaram hakikumrudisha kaka yake. Kila panga lililoinuliwa lilimtafuta aliye mdogo zaidi kwenye familia.

Mwishoni Sivasaami anabeba kesi ya mwanawe, anakwenda mahakamani badala yake. Kabla hajaingia anampa wosia. Kwa maneno yangu: tukiwa na shamba watatunyang'anya, tukiwa na pesa watachukua, lakini elimu hawawezi kutuvua. Soma, upate cheo, na ukishapata usiwafanyie wengine waliyotufanyia wao.

Mama yangu alikuwa ameingia sebuleni robo ya mwisho, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akasema, "Sasa baba, si ndo nnavyokwambieni kila siku?"

Nikacheka. Ni kweli, tumelishwa hiyo tangu chekechea. Mali utaibiwa, elimu huibiwi. Lakini nilimwambia mama kwamba sikubaliani nayo yote, na ninyi nawaambia pia.

Chukua mtu mmoja: B. R. Ambedkar. Alizaliwa Dalit. Akasoma Columbia, Marekani, akasoma London School of Economics, akawa wakili na daktari wa uchumi. Mwaka 1917 alirudi India kufanya kazi Baroda, na shahada zake mkononi, akafukuzwa kwenye nyumba ya wageni aliyopanga kwa sababu waligundua tabaka lake. Elimu hawakumvua, sawa. Ila haikumpa hata chumba cha kulala. Kilichobadilisha kitu ni alichokifanya nayo. Aliwaambia watu wake wasome, wapiganie haki na wajipange pamoja, vyote vitatu. Baadaye akaongoza kamati iliyoandika katiba ya India, na kifungu cha 17 kikapiga marufuku unyanyapaa wa kutoguswa. Nyumba aliyokaa alipokuwa mwanafunzi ipo hapahapa London, King Henry's Road, siku hizi ni makumbusho. Nendeni.

Silinganishi maisha yetu na Kilvenmani, hapana. Lakini kaka yangu ana digrii mbili, na kuna mahali alipofanya kazi walimwita jina la mwenzake mweusi karibu mwaka mzima. Digrii zilimwingiza mlangoni. Walioyamaliza yale mambo ni wafanyakazi sita waliokwenda pamoja kwa mkubwa wa pale.

Mama alisikiliza yote, akanywa chai yake, akasema, "Na hao sita wangekuwa hawajasoma, angewafungulia mlango?" Nikakosa jibu la haraka. Bado tunabishana.

Jambo moja hatukubishana. Tuliporudia kile kipande cha Sivasaami kuwaangukia watu miguuni, mama hakusema kitu. Baba yangu alitumia miaka mingi kwenye madirisha ya ofisi za nchi hii akisema ndiyo bwana, samahani bwana, asante bwana, kwa vijana wenye umri wa mtoto wake. Mimi nimesimama pembeni yake nikitafsiri, nikiwa na miaka kumi, nikitamani ajibu mapigo hata siku moja. Chidambaram alilazimika kukimbia msituni usiku kucha ndipo ajue kimya cha baba yake kilikuwa kinalinda nini. Sisi wengine tunaweza kuuliza tu. Wikendi hii muulizeni baba, au mama, au bibi: ni wapi ulinyamaza kwa ajili yetu? Mkipata ruhusa yao, turekodieni sauti mtutumie. Kipindi kijacho tunataka kuwasikia wao.