Kitabu cha Miisho ya Sataranji: Tuchague Kipi?

Jioni moja hapa Nateete mwanangu alicheza sataranji, mchezo ambao vijana huuita chesi, na jirani yetu. Ubaoni walibaki wafalme wawili na askari mmoja, naye alikuwa wa mwanangu. Sote tulidhani ameshinda. Akamsukuma askari mbio, mfalme wake akabaki nyuma. Mchezo ukaisha sare. Mtoto alilala bila kula.

Kesho yake nilinunua kitabu cha miisho ya mchezo, kinene kuliko vyote dukani. Baada ya kurasa kumi tukakifunga. Mtaka yote hukosa yote.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha zako, kipime kitabu kwa mambo matatu.

Kwanza, tazama kinavyoanza. Kimfaacho mwanafunzi huanza na kumfunga mfalme aliye peke yake kwa malkia au ngome, ndipo kifuate mfalme na askari dhidi ya mfalme. Itafute kanuni hii: mfalme akimtangulia askari wake hadi safu ya sita, ushindi ni wake, zamu iwe ya yeyote, isipokuwa askari wa ukingoni. José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alikianza kitabu chake "Chess Fundamentals" kwa miisho rahisi.

Pili, uliza kimeandikiwa nani. Jeremy Silman amekigawa chake kwa viwango, kila mtu akomee penye kiwango chake. Cha Mark Dvoretsky ni hazina, lakini ni hazina ya wachezaji waliokomaa.

Tatu, kagua alama zake. Vitabu vikuukuu huandika hatua kwa mtindo wa kale. Siku hizi hutumika herufi na namba, kama e4. Asiyeujua mtindo huo atapotea njiani.

Kisha, kitabu hakisomwi kitandani. Pangeni ubao: mmoja amwongoze askari, mwingine amzuie, halafu mbadilishane. Pale Katwe, katika jiji letu hili hili, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto mwaka 2004. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alipata cheo cha kimataifa mwaka 2012. Ubao ulikuwa shule yao.

Nasi tulipata kitabu chembamba. Jumamosi iliyopita askari yule yule alibaki tena ubaoni. Safari hii mfalme alitangulia, na mwanangu akala chakula chake chote.