Waya Unaoshuka Mpaka Penye Kiu

Mgonjwa yuko macho. Kichwa kimebanwa kwenye fremu ya chuma, ngozi imechomwa ganzi, fuvu limetobolewa tundu dogo. Daktari anateremsha waya usiofika unene wa milimita 2, taratibu, huku akimsemesha: unajisikiaje sasa? Ubongo wenyewe hausikii maumivu, ndiyo maana mtu anaweza kujibu wakati waya unapita ndani ya kichwa chake.

Waya huo unaishia kwenye nyukliasi akumbensi, fundo dogo la seli lililojificha chini ya ubongo, upande wa mbele. Hapo kemikali iitwayo dopamini humwagika mwenye njaa anapokula, au mtu anapokumbatiwa na ampendaye. Heroini huimwaga kupita kiasi, kila siku, mpaka fundo linajifunza kudai unga kuliko chakula. Waliokaa na mraibu mwenye arosto wanajua: anatetemeka, kamasi zinamchuruzika, mifupa inamuuma, yuko tayari kuuza godoro analolalia. Arosto yenyewe hupoa baada ya siku kadhaa. Kiu haipoi. Inaweza kumrudia mwaka mzima baadaye, kwa kupita tu karibu na kijiwe chake cha zamani. Inaniuma kwamba mtu huyo bado tunamwita mkaidi.

Kifaa hiki cha waya na betri si kipya. Daktari Alim-Louis Benabid alikianza Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987, kwa watu waliotetemeka mikono. Betri hufukiwa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, nayo hupeleka umeme kichwani usiku na mchana. Kuhusu uraibu, fununu moja ilitoka Cologne, Ujerumani, tena bila kutafutwa. Madaktari walimwekea waya mgonjwa aliyeteswa na hofu kali. Hofu haikupungua sana. Ila pombe iliyokuwa imemtawala ilimtoka mkononi, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 2007.

Novemba 2019, timu ya daktari Ali Rezai katika Chuo Kikuu cha West Virginia ilimfanyia upasuaji huo mwanamume wa miaka 33, mraibu wa dawa za jamii ya afyuni. Jimbo hilo ndilo lililokuwa likiongoza Marekani kwa kiwango cha watu wanaokufa kwa kuzidisha dawa za kulevya. Baada yake walifuata watatu, wote wakiwa wamejaribu tiba nyingine zikashindikana. Wawili waliacha kabisa. Mmoja alirudia, lakini kwa kiasi kilichopungua sana. Wa nne hakufuata masharti, kifaa kikatolewa.

Watu wanne ni wachache mno. Tena hawakuachwa na waya peke yake: waliendelea na dawa za kutibu uraibu na ushauri nasaha, kwa hiyo ni vigumu kusema sehemu gani ya nafuu ni ya umeme. Na kutoboa fuvu si jambo dogo. Damu inaweza kuvuja ndani ya ubongo, kidonda kinaweza kuingia vijidudu.

Leo mama akinijia kwa ajili ya mwanawe anayebwia unga, nitamwelekeza kwanza kwenye kliniki ya methadoni, dawa inayotuliza arosto, kama ile iliyofunguliwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, ambako mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Waya ni wa yule aliyekwisha kunywa dozi hizo, akakaa na washauri, akajaribu tena na tena, na bado kiu ikamrudisha kijiweni.