Saa moja, wavu na kibuyu: Hapa mbuta ana sherehe yake

Hebu jione uko ukingoni mwa mto, kifua wazi, wavu mkononi na kibuyu kikubwa begani. Kulia kwako ni watu, kushoto ni watu, maelfu kwa maelfu. Hakuna anayeruhusiwa hata kulowesha kidole cha mguu. Mara bunduki inalia na nyote mnatimua mbio kuingia majini. Mna saa moja tu. Atakayetoka na samaki mzito kuliko wote ndiye bingwa.

Hiyo si sinema. Ni Argungu, mji ulioko jimbo la Kebbi, kaskazini magharibi mwa Nigeria, ambako tamasha la uvuvi huandaliwa kati ya mwisho wa Februari na Machi.

Na samaki mwenyewe unamjua fika. Wahausa humwita giwan ruwa, yaani ndovu wa majini. Sisi tunamwita mbuta. Ndiyo, huyo huyo ambaye minofu yake hupelekwa ng'ambo, wewe ukabaki kuuziwa mgongo wazi.

Mwaka wa 2005, mshindi alitoka na mbuta wa kilo 75. Hilo ni gunia moja na nusu la saruji, ila hili linapigapiga mkia! Ilibidi wanaume wanne wamwinue hadi kwenye mizani. Na usidhani kuna mashine. Ni nyavu za mkono na vibuyu, basi. Kibuyu ndicho boya lako la kuelea, na ndicho kapu la kutilia samaki. Wapiga ngoma nao huingia mtoni kwa mitumbwi, wakitikisa vibuyu vilivyojaa mbegu ili samaki washtuke wakimbilie maji machache. Pembeni kuna mieleka, ndondi za kienyeji, mashindano ya mitumbwi na hata kukamata bata mwitu.

Sherehe yenyewe ina mizizi mirefu, lakini mwaka unaotajwa sana ni 1934, ilipotumiwa kuashiria mwisho wa uhasama wa miaka mingi kati ya ufalme wa Kebbi na utawala wa Sokoto. Mwaka wa 2016, UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi za binadamu.

Sasa, kilichonifanya niandike haya si bunduki wala ngoma. Ni kwamba sehemu hiyo ya mto, Matan Fada, hulindwa mwaka mzima isivuliwe. Mlinzi wake ni Sarkin Ruwa, mkuu wa maji, ambaye ukoo wake umerithishana kazi hiyo. Ukoo mwingine, unaoitwa Homa (jina tu limefanana, si watu wa Homa Bay), husimamia taratibu za uvuvi.

Kama una shangazi anayeuza omena, unajua kwetu kufunga maji huleta vita. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria husimamishwa ili wazaane. Mvuvi analalamika, kwani karo haisimamishwi. Wengine huvua usiku kimyakimya. Siwalaumu sana. Kwao marufuku hiyo ni amri ya serikali inayowafikia na askari, na siku inapoondolewa hakuna hata ngoma moja.

Argungu nako watu wana njaa na watoto wa kusomesha. Ila mlinzi wa mto wanamjua kwa ukoo, na mwisho wa kusubiri wanaujua pia: siku ambayo kijana yeyote mwenye wavu anaweza kutoka majini akiwa tajiri. Mimi ningesubiri, wewe je?

Si kwamba huko mambo ni shwari. Baada ya 2010, tamasha lilikwama miaka kumi kwa sababu za usalama. Kijana aliyekuwa na miaka minane wakati huo aliingia utu uzima bila kuisikia ile bunduki.

Ililia tena Machi 2020. Wakaingia majini kwa maelfu, vumbi likatimka, maji yakageuka tope. Saa moja ilipokwisha, samaki wakapangwa foleni kwenye mizani. Aliyeshinda alikuwa na kilo 78.