Nyama ya pori Kamango: biashara inayokula mtaji

Nyama ya pori hufika sokoni ikiwa imekaushwa kwa moshi, imekatwa vipande, haina ngozi wala pembe. Kwa mchuuzi wa Kamango, huku Watalinga mpakani na Uganda, fungu ni fungu. Kumbe alama zilizoachwa porini ndizo zingemwonyesha kama bidhaa hiyo itapatikana tena kesho.

Tuanze na swala, ambao ni wa ukoo mmoja na ng'ombe na mbuzi: wanacheua, na pembe zao hazidondoki. Swala walao nyasi katika Mbuga ya Virunga wako makundi mawili. La kwanza ni la mraye, kuro na tohe, wasiokaa mbali na maji. Dume peke yake ndiye mwenye pembe. La pili ni la nyamera: uso mrefu, mabega yaliyoinuka kuliko kiuno, mabaka meusi miguuni, na jike ana pembe kama dume. Makao ya makundi haya ni nyika za kando ya Ziwa Edward. Msitu unaopakana na Kamango una funo na jamaa zake, wafupi, mgongo wa upinde, wanaokula majani na matunda yaliyoanguka.

Sasa tupige hesabu. Mbuzi hubeba mimba miezi 5 na mara nyingi huzaa mapacha. Mraye hubeba karibu miezi 8, akazaa mtoto mmoja. Mtego wa waya hauchagui jike wala dume. Jike akinaswa, mtaji umeliwa pamoja na faida. Tena uwindaji ndani ya mbuga ni marufuku kisheria, kwa hiyo mzigo ukikamatwa mchuuzi hana pa kudai.

Ng'ambo, Uganda imemweka mraye kwenye nembo ya taifa, na asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudi kwa wilaya jirani. Kamango haiwezi kungojea watalii: mwezi Julai 2013 mji ulishambuliwa, makumi ya maelfu wakakimbilia Bundibugyo, na vita havijaisha mkoani.

Lakini mbuzi hangoji mtalii. Mkulima wa kakao akinunua majike mawili baada ya mavuno, mchuuzi atapata bidhaa halali, na mraye atapata muda wa kuzaa.