Kiwanda Kikifungwa, Haki Isifungwe



Hapa Qantab, baada ya sala ya alasiri, sisi wazee huketi karibu na mashua, na mazungumzo aghalabu hurejea kule tulikotoka. Juzi tulizikumbuka betri za alama ya paka, zilizotia sauti redio zetu na nuru kurunzi za wavuvi. Kiwanda chake cha Nakuru, nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1967. Mwaka 2014 kampuni ya Eveready ilikifunga, na wafanyakazi wapatao 100 wakapoteza ajira. Gharama za uzalishaji zilikuwa zimepanda, na betri rahisi kutoka nje zimejaa sokoni. Kampuni ikaona afadhali iagize betri kuliko kuzitengeneza. Betri ziliendelea kuuzwa. Walioondoka ni watu.

Habari ya namna hii haiishii kiwandani. Huvuka bahari kwa simu ya usiku: kaka kapunguzwa kazi, karo ya watoto haijalipwa. Nasi wa huku hutuma tulichonacho, lakini mara nyingi husahau kuuliza swali la kwanza: je, amelipwa haki yake?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe taarifa mwezi mmoja kabla, na amlipe anayepunguzwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyefanya kazi miaka 20 anastahiki malipo ya siku 300. Hiyo si hisani, ni haki.

Huku Oman, raia aliyepoteza kazi pasipo kosa lake, naye ametimiza masharti ya michango, hupata asilimia 60 ya wastani wa mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Mgeni hana fungu hilo. Kinga yake ni kiinua mgongo, ambacho sheria ya kazi ya mwaka 2023 imekiweka kuwa si chini ya mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi.

Basi twawanasihi vijana wetu: hifadhini mikataba na hati za mishahara, wala msitie saini karatasi msiyoifahamu. Na aliyeachishwa asiwafiche watu wa nyumbani, akatoka kila asubuhi kana kwamba aenda kazini. Hayo tumeyaona miongoni mwetu, na madeni ndiyo yaliyokuja kuyafichua. Kupunguzwa kazi si aibu. Aibu ni sisi jamaa kujua, tukanyamaza.

Wabillahi tawfiq.