Unyumbufu wa DNA na Mshikamano Wake na Protini: Mchango wa Uigaji wa Kompyuta

1. Utangulizi

Ugonjwa wa selimundu, ambao nchini Kongo huitwa kwa kifupi SS, husababishwa na badiliko la herufi moja katika jeni ya himoglobini. Hata hivyo, watoto wawili wa Lukafu, katika Haut-Katanga, wanaweza kuwa na badiliko hilo hilo na wasiugue sawasawa: mmoja macho yakawa manjano mara kwa mara na akapata vijiwe vya nyongo mapema, mwingine akaepukana navyo. Sehemu ya tofauti hiyo hutoka katika jeni nyingine, mahali protini inapoishika DNA. Makala haya yanaeleza mshiko huo na jinsi kompyuta inavyosaidia kuuchunguza.

2. Unyumbufu ni nini?

Neno unyumbufu linatokana na kitenzi nyumbua, ambacho baadhi ya wanasarufi hukitumia wanapochambua vitenzi. Kitu nyumbufu hupindika bila kukatika. DNA yenyewe ni ngumu kiasi: kipande cha jozi za besi 150, yaani nanometa 50 hivi, hakipendi kupinda. Lakini ndani ya seli jozi 147 huviringishwa karibu mara 1.7 kuzunguka protini za histoni.

Protini iitwayo TBP, ambayo hushiriki kuanzisha usomaji wa jeni, huketi juu ya mfuatano wa besi T na A na kuupinda kwa nyuzi 80 hivi. Muundo huo ulichapishwa mwaka 1993. Pale T inapofuatwa na A, besi jirani hulaliana kwa ulegevu, hivyo DNA hupindika kwa urahisi. Ni dhahiri, basi, kwamba protini haitambui herufi peke yake. Hupima pia wepesi wa kupindika.

3. Uigaji wa kompyuta

Darubini haiwezi kufuata mwendo wa kila atomu. Kompyuta hukokotoa nguvu kati ya atomu zote, huzisogeza kidogo, kisha hurudia. Ili kuiga sehemu moja ya milioni ya sekunde, huhitajika hatua zipatazo milioni 500. Michael Levitt, mzaliwa wa Pretoria, alichapisha uigaji wa DNA wa namna hiyo mwaka 1983. Mwaka 2013 alishiriki Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Martin Karplus na Arieh Warshel.

4. Jeni ya UGT1A1

Jeni hii huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachoandaa bilirubini, rangi ya manjano itokanayo na damu iliyovunjika, ili itolewe mwilini. Mwanzoni mwake TA hurudiwa mara 6 au 7. Marudio 5 na 8 huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Kadiri marudio yanavyozidi, ndivyo kimeng'enya kinavyopungua. Kwa mgonjwa wa selimundu, ambaye chembe zake nyekundu huvunjika upesi, upungufu huo huongeza umanjano na hatari ya vijiwe.

5. Hitimisho

Uigaji hauchukui nafasi ya kipimo cha damu. Huonyesha kwa nini mshiko hulegea. Lakini uigaji wa marudio 6 na 7 pekee utaacha nje maumbo ambayo Afrika inayahitaji zaidi. Marudio 5 na 8 yanastahili kukokotolewa kwa uzito ule ule.