Cottonwood: si mpamba wala si msufi

Neno la Kiingereza "cottonwood" huwatatiza wafasiri kwa sababu linaonekana rahisi: pamba na mti. Urahisi huo huzaa tafsiri mbili zinazopotosha. Ya kwanza ni "mpamba", ambao ni mmea wa jenasi ya Gossypium, uzaao pamba ya kusokota nyuzi. Ya pili ni "msufi" (Ceiba pentandra), mti wa nchi za joto ambao sufi yake hujazwa katika mito na magodoro. Cottonwood ni miti ya jenasi ya Populus, iliyo familia moja na mierebi. Ulio mashuhuri zaidi ni Populus deltoides wa Amerika ya Kaskazini, mti rasmi wa majimbo ya Kansas na Nebraska.

Namna ya kuutambua

Jani lake lina umbo la pembetatu na kingo zenye meno. Kikonyo chake kimebapa, ndiyo maana majani hutikisika hata kwa upepo mdogo. Jani la msufi, kinyume chake, lina vijani kadhaa vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja. Gome la mti mchanga ni laini. La mti mkongwe ni nene na lina mifereji mirefu. Mti dume na mti jike ni mbalimbali. Mti jike hutoa mbegu ndogo zenye nyuzi nyeupe zinazopeperuka kama pamba, na hapo ndipo lilipotoka jina.

Namna ya kuukuza

Mbegu hupoteza uhai upesi, na huhitaji mchanga ulio wazi na wenye unyevu, kama ule unaoachwa na mafuriko ya mto. Kwa hiyo wakulima hupendelea pingili za matawi machanga, zinazokatwa majira ya baridi kabla mti haujachipua. Pingili hufukiwa sehemu kubwa, macho yakielekea juu. Asiyependa nyuzi kutapakaa uani huchukua pingili za mti dume. Mti hukua haraka ukipata jua na maji mengi, lakini hupandwa mbali na nyumba na mabomba, kwa kuwa mizizi yake hufuata unyevu.

Hapa ndipo kosa la tafsiri linapodhuru. Msomaji wa Kiswahili aishiye Nebraska akiambiwa apande msufi, atatafuta mti usiostahimili baridi kali ya huko.

Uteuzi wa neno

Biblia ya Kiswahili ina "mlubna" (Mwanzo 30:37), neno lenye mzizi unaohusiana na weupe. Hata hivyo, wataalamu hawaafikiani kuhusu mti unaokusudiwa, hivyo halifai kwa maandishi ya kilimo. Utohozi wa jina la jenasi, "mpopula", una msingi imara zaidi. Tena jenasi hii si ngeni Afrika Mashariki: Populus ilicifolia huota kandokando ya mto Tana, Kenya, na shina lake huchongwa mitumbwi.

Inapendekezwa kuandika "mpopula wa Amerika", pamoja na jina la kisayansi mara ya kwanza. Neno huingia ngeli ya M-MI:

Mpopula wa Amerika umepandwa mbali na kisima.
Mipopula ya Amerika imeota ukingoni mwa mto.